Tanuri Lisilo na Kapita

Siku moja ingali inanijia kama ndoto ya alfajiri, mwanangu, na moshi wake ningali nausikia puani. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka, na pale wanapopaita leo Rwambuzi palikuwa majani matupu na nguzo zilizoungua. Askari walikuwa wamepita. Hakuna aliyejua kama wamekwenda kweli au wamejificha tu. Amani yenyewe ilitembea juu ya vidole. Chifu alikimbia, kapita wa kutusimamia kazi alikimbia, na ofisi yao ikabaki mbuzi wanalala ndani.

Siye tuliorudi tukaketi, tukasema: basi, tusitafute mwingine. Majina yao wote ninayo: Bahati fundi, Dheda, Ureni jirani yangu, dada yake Malosi, mume wangu Matiyasi. Lakini wawili wengine ndio wa hadithi hii: Mama Veronika na Muzee Lobo.

Mama Veronika alikuwa mkunga. Alisema hatutakuwa na mkubwa, lakini matofali tutayachoma pamoja, maana tanuri dogo halishiki moto. Muzee Lobo, mwenye mikaratusi kando ya mtaro, alikatala.

"Miye kapita alinichapa fimbo ujana wangu wote," alisema. "Sasa kapita wangu iko hii mikono yangu miwili. Nitajenga na udongo mubichi, peke yangu."

"Weye Lobo, mvua itakunywa nyumba yako kama uji!"

"Ikunywe! Itakuwa imekunywa uji wangu, si uji wa komite yenu."

Walitupiana maneno hivyo kila asubuhi, na ukungu ukipanda, vicheko vyao vilisikika kabla hujaziona sura zao. Juzi mjukuu wangu Deni, anayesoma chuo, alinisomea kwamba huko Ulaya kuna watu walioandika vitabu kusema mtu anaweza kuishi bila kutawaliwa. Wanaitwa anarshisti. Wako wa namna mbili, ati: wengine wanaanza na mtu mmoja na uhuru wake, wengine wanaanza na watu wote na kazi yao ya pamoja, na wanagombana sana. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hao wote wawili nimepika nao mihogo, mwanangu.

Sasa sikia kosa langu. Tanuri tulilipanga, tukalipaka udongo, tukaliwasha asubuhi. Moto uliimba humo ndani kama nyuki. Lakini alasiri kuni zikaanza kuisha, na upande uliokuwa unapungukiwa ni ule wa matofali yangu. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka ziwani, meusi, polepole. Nikashika tumbo nikawaza: mutoto huyu atazaliwa wapi?

Muzee Lobo alikuwa amekwenda sokoni. Miti yake ilikuwa imelala kando ya mtaro, imekauka vizuri, ameichonga iwe nguzo za paa lake.

"Tuichukue," nilimwambia Ureni.

"Ngoja arudi."

"Moto haungoji. Kwani tuna mkubwa hapa? Vyote ni vyetu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Ureni akageuza uso. Nikaenda mwenyewe, nikaibeba mmoja mmoja, tumbo mbele, nikaisukuma kwenye mdomo wa tanuri. Moto ukanguruma, na mimi nikajiona mtu mwema kupita wote. Ndivyo kosa kubwa linavyokuja, mwanangu. Linakuja limevaa nguo za Jumapili.

Muzee Lobo akarudi na kifuko chake begani. Akatazama pale miti ilipokuwa imelala, akatazama moshi.

"Ni nani?"

Wote wakatazama chini. Mimi nikainua kidevu: "Ni siye wote, Muzee."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Siye wote. Kapita naye alisemaka hivyo. Kila fimbo: si miye, ni Leta, ni serikali imesema."

Akaingia kibandani mwake akaanza kukunja mkeka. Hapo ndipo tulipoogopa. Hakuna chifu aliyemfukuza, hakuna askari. Siye tuliochoka kufukuzwa tulikuwa tunamfukuza mtu. Mama Veronika, yeye aliyetuunganisha kwa tanuri lile, hakumfuata mzee. Alinigeukia mimi.

"Sesilia, tulifukuza kapita. Leo umeokota kofia yake, umeivaa. Toa hiyo miti."

"Mama, matofali yangu yatabaki mabichi!"

"Yabaki."

Nikaitoa kwa chuma, nikilia, na nikasema ni moshi. Mingine ilikuwa imekwisha. Iliyobaki nikailaza mbele ya mlango wake, ikifuka. Alisimama akaitazama, mkeka kwapani.

"Mungeniomba, ningekatala," alisema. "Lakini kesho yake pengine ningeileta mwenyewe. Sasa ile kesho mumeiunguza."

Hakuhama. Lakini hakujiunga na tanuri pia, hata siku moja. Kila mvua iliramba ukuta wake, na kila jua yeye aliuziba, akipiga mluzi, mpaka Mungu alipomwita. Salamu yangu aliipokea baada ya mavuno mawili. Matofali yangu yalitoka meupe kama bugali, mvua ikayarudisha udongo, nikajifungulia jikoni kwa Ureni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, weye unayesema siku hizi hutaki mkubwa juu yako: vema. Lakini mkubwa hakai ofisini tu. Anaweza kulala kifuani mwako na kuamka siku unapokuwa na haki. Fanya kazi na wenzako, kwa maana peke yako mvua itakushinda. Ila anayesema hapana, mwachie hapana yake na mlango wazi. Omba. Ukinyimwa, lala, kesho uombe tena. Kundi lisiloweza kungoja mtu mmoja limekwisha kupata chifu, hata kama halijampa jina.

Mungu wa babu zako akupe majirani wa kubishana nao asubuhi na kula nao jioni. Mikono yako isikose kazi, moyo wako usikose subira, na watoto wako wazaliwe chini ya paa ambalo hakuna mtu aliyelilia. Amina.