Fundi Anayeleta Ngozi

Wegesa alikuwa amechoka kabla saa haijaharibika. Hilo lijulikane mapema, isije ikadhaniwa kwamba ni saa iliyomchosha. Alikuwa amechoshwa na cherehani yake pale Nyasho, mtaa wa Musoma, na sare za shule ambazo wazazi wote huzitaka wiki moja, na zaidi ya yote na ugonjwa wa baba yake, Mzee Masatu, aliyelala kule Butiama akizidi kukonda. Mzee alikuwa na watoto watatu. Chrispin, kifungua mimba, yuko Mwanza. Judith, kitinda mimba, yuko Dar. Wegesa, mjane, yuko karibu, na kuwa karibu ndiyo kazi yenyewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenzake walimpongeza kwenye simu kila Jumapili kwa jinsi alivyoubeba vizuri.

Daktari wa Musoma alikuwa amefunga mlango na kumwambia Wegesa kwamba uvimbe wa tumboni umeshasambaa, hakuna cha kukata wala cha kushona. Ndugu wakakubaliana mzee aambiwe ni vidonda vya tumbo. Chrispin aliamua, Judith akaitikia. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wasemao hivyo hawajawahi kubishana na Chrispin. Na aliyetakiwa kuusema uongo ule uso kwa uso, kila Jumamosi, kijiko cha uji kikiwa mkononi, hakuwa Chrispin.

Basi katikati ya hayo yote saa ikasimama.

Ilikuwa saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, nzito mkononi. Mzee aliipata ujanani alipokuwa dereva wa Mzungu mmoja mpima madini. Siku ya kuondoka, yule bwana aliivua mkononi mwake akampa. Tangu hapo mzee alikuwa akizungusha kile kichwa cha ubavuni kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso. Macho yalipofifia aliacha kuitazama, akawa anaisikiliza. Siku iliponyamaza, alikataa uji.

"Nitafutie fundi," alimwambia Wegesa. "Lakini usimpe mtu tu kwa sababu ana kibao. Mpe kama unampa ng'ombe."

Wegesa hakuhitaji kufafanuliwa. Alipokuwa mtoto, baba yake aliwagawa ng'ombe wake kwa marafiki wa mbali wamfugie, ili ugonjwa ukipiga zizi moja usimalize wote. Mfugaji alikunywa maziwa, ndama wakabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mfugaji alipaswa kuleta ngozi, yenye alama ya sikio, mwenyewe aione na kuishika. Machage wa Guta aliwahi kutembea hadi Butiama na ngozi mbichi begani, inzi wakimsindikiza njia nzima, na mzee akamchinjia jogoo. Mwingine alikuja mikono mitupu akisema ng'ombe ameliwa na fisi. Huyo alipewa maji ya kunywa, akasindikizwa kwa heshima, na hakupewa hata mbuzi tena.

Wegesa alianzia katikati ya mji wa Musoma, kwenye duka lenye vioo na kijana mwenye maneno laini.

"Acha hapa mama, upitie keshokutwa."

"Nataka ufungue nikiwepo."

Kijana alicheka. "Mama, hii ni kazi ya utulivu. Hatufanyagi na mteja amekaa hapa."

"Na kitakachotolewa humo utanipa?"

"Vyuma vibovu? Tunatupaga. Utafanyia nini?"

Wegesa akairudisha saa kwenye leso yake, akaaga. Nyuma yake kijana alimwambia mwenzake kwamba wazee wana shida. Hakuwa mzee sana, ila siku ile alitembea kama mzee.

Fundi wa pili alikuwa jirani tu, hapo hapo Nyasho, mtengeneza simu anayegusa na saa. Huyu alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyokuwa ya hatari.

"Tunatoa mashine ya ndani tunaweka ya betri," alisema. "Nje hakuna atakayejua. Mzee ataridhika."

Jioni Wegesa akampigia Judith.

"Dada, si uweke hiyo betri?" Judith alisema. "Baba ana macho gani tena ya kujua? Unajitesa bure."

Alikuwa anajitesa kweli. Alikaa mbele ya cherehani, sare zimerundikana kama mazao ya shamba lililokosa mvunaji, akaona jinsi uongo mdogo ungempumzisha. Baba alikuwa ameshaongopewa kubwa. Hili la saa lingeongeza nini? Akampigia Chrispin, maana miaka kadhaa nyuma ni Chrispin aliyeipeleka saa kwa fundi Mwanza kwenda kusafishwa.

"Kaka, yule fundi wako wa Mwanza bado yupo?"

"Fundi gani?"

"Aliyesafishaga saa ya baba."

"Mambo ya zamani hayo, Wegesa. Mnunulie mpya," alisema, na simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Alhamisi alifunga cherehani akaenda Bunda, kwa fundi aitwaye Boniphace, aliyetajiwa na mteja wake mmoja kwa maneno haya tu: ana hasira, lakini haibi. Boniphace alikuwa na meza ndogo chini ya baraza ya duka la pembejeo. Aliipokea saa, akaigeuza, akaguna.

"Hizi mimi sizijui sana. Kama shida ni kubwa sitaigusa, nitakwambia uipeleke Nairobi kwa wanaozijua. Umesikia? Kaa hapo. Usiende popote mpaka nifunge."

Wegesa alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza juma zima mtu kumwamuru akae. Boniphace alitandika kitambaa cheupe, akabana lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma. Kisha akatulia, bisibisi ikiwa hewani.

"Nani aliifungua kabla yangu?"

"Kwa nini?"

"Njoo uone mwenyewe. Kioo cha yenyewe, mishale ya yenyewe. Lakini hii mashine siyo yake. Hii ni ya saa za bei rahisi, za wakulima wa pamba wa zamani, ninazo maiti zake tele kwenye droo. Ile mashine yake ilishaondoka. Siku nyingi, angalia kutu."

Wegesa aliangalia kutu. Kwa hiyo kulikuwa na jingine la kumficha baba, na jingine la kutomwuliza Chrispin.

"Inaweza kutembea?"

"Springi imekatika. Nitaitoa, nikuwekee ya kwenye droo, itatembea. Lakini usiende kusema Boniphace ametengeneza saa ya Uswisi. Ametengeneza hii iliyomo."

Akafanya kazi yake kwa kunung'unika. Saa ilipoanza kulia, hakusubiri kuombwa. Aliichukua ile springi iliyokatika, akaikunja kwenye kipande cha gazeti, akamwekea Wegesa kiganjani.

"Shika, kabla hujasema nimekula."

Wegesa alicheka, akajikuta machozi yanamlenga. Mzee angemchinjia huyu jogoo.

Safari nzima ya kwenda Butiama alijishauri. Saa inalia, basi. Atampa baba, baba atafurahi, uji utanyweka. Ile springi ataitupa chooni. Aseme ya mashine ili iweje? Chrispin apigiwe simu, wagombane, Judith alie, na anayetakiwa kuwapatanisha awe nani kama si yule aliye karibu? Alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua kunyamaza.

Mzee Masatu aliipokea saa kwa mikono miwili, akaibana sikioni. Alisikiliza muda mrefu, midomo ikichezacheza.

"Inatembea," alisema.

"Ndiyo, baba."

Mzee akanyoosha kiganja. "Na ngozi?"

Hapo Wegesa angeweza kusema fundi ametupa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyechoka huipenda fupi hiyo hiyo. Alitazama kile kiganja, kimebaki mifupa na mishipa, kikingoja bila haraka. Mkono wake wenyewe ukaingia kwenye mkoba, ukatoa kile kipande cha gazeti.

Mzee aliipapasa springi kwa kidole gumba, pale ilipokatikia.

"Hii ni yake?"

"Hapana, baba. Ya kwake haimo. Ilishatolewa zamani, ikawekwa nyingine."

"Najua."

"Unajua?"

"Saa yangu ilikuwaga inatembea kama mtu aliyeshiba. Iliporudi Mwanza ikawa inakimbia kama mwizi. Labda Chrispin alidanganywa, labda hakudanganywa. Sikumuuliza. Alikuja mikono mitupu, nikampa maji ya kunywa."

Miaka yote ile mzee alikuwa akiitia ufunguo kila asubuhi, akijua.

"Nilikuwa nangoja mtu aniletee ngozi," mzee alisema, akiikunja springi kwenye gazeti lake. "Umeleta moja, mama. Sasa lete na ile nyingine. Daktari alisemaje?"

Neno "vidonda" lilikuwa tayari mdomoni, limeshaizoea njia. Wegesa alilimeza. Akavua viatu, akaketi kitandani upande wa miguu ya baba yake, akamwambia yote, hata habari ya mlango uliofungwa.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Masika nitaiona?"

"Nadhani hapana, baba."

"Basi mwambieni mtoto wa Machage arudishe ng'ombe zangu. Nataka nizisikie hapo uani."

"Nitamwambia."

"Na huo uji uko wapi?"

Alimnywesha, akanywa karibu wote. Kisha Wegesa alilia, hakujificha, na alipomaliza kulia akajilaza pale pale miguuni, mchana kweupe, sare za watu zikimngoja Nyasho. Simu iliita mkobani, ikaita tena. Mzee Masatu aliisikia, lakini hakumwamsha.