Safari Aliyoiahirisha Mwalimu Klachi

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Klachi, na wengi walipata leseni wakaenda zao bila kulijua jina lake halisi. Alifundisha udereva kwa gari dogo jeupe lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwake, na kwa sauti isiyopanda kamwe. Mwanafunzi akizima gari katikati ya njia panda, huku nyuma watu wanapiga honi kama waliochokozwa na nyuki, yeye alikunja mikono na kusema, "Waache waimbe. Kanyaga klachi, washa, achia pole pole." Mtaani walisema hata mbuzi angepata leseni mikononi mwake.

Alikuwa mgane. Aliishi na mwanawe, fundi wa majokofu ambaye simu yake haikunyamaza, na mke wa huyo mwana, msusi aliyegeuza chumba cha mbele kuwa saluni ya viti viwili. Mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, alikuwepo dada yake mkubwa. Mama yao alifariki Klachi akiwa bado anatambaa, na dada huyo, naye msichana mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akampeleka shule. Hata mvi zilipomjaa kichwani, dada alimpigia simu kumuuliza kama amekula.

Tezi dume ilipoanza kumsumbua, Klachi aliificha kwa ujanja wa kazini. Alimpeleka kila mwanafunzi kufanya zoezi la kuegesha gari karibu na kituo cha mafuta, kwa kuwa pale palikuwa na choo. Mwishowe mkojo ulikataa kabisa kutoka, akakimbizwa hospitali akiwa amejikunja, na baada ya vipimo akafanyiwa upasuaji. Dada hakuweza kuja kumwona. Miguu yake ilikuwa imevimba na daktari wake alimkataza safari. Alilia kwenye simu, akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Moyo uko huko, mwili ndio umegoma."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kuruhusiwa, mpira wa mkojo ulipokwisha kutolewa, muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye miwani, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Alimweleza asibebe vitu vizito, anywe maji ya kutosha, na arudi kliniki mwezi unaofuata ili aangaliwe.

"Na mkojo ukivuja, mzee, usikae nao kimya," alisema. "Inatokea kwa wengi. Njoo hata kabla ya tarehe. Kuna mazoezi tutakuonyesha."

Maneno hayo ya mwisho hayakumwingia mtu. Mwana alikuwa mlangoni, simu sikioni, akimtuliza mwenye bucha ambaye jokofu lake limekufa. Na Klachi mwenyewe, aliposikia neno mkojo likitamkwa mbele ya mkwewe aliyekuwa akikunja nguo zake, aligeuzia uso dirishani. "Sawa, sawa, nimeelewa," alisema, kama mtu anayefunga mlango.

Nyumbani mambo yalianza kuvuja wiki ile ile. Akikohoa, tone. Akiinuka kitini, tone jingine. Akicheka ndiyo kabisa, kwa hiyo aliacha kucheka. Alikata taulo kuukuu vipande vipande akavivaa ndani ya suruali, na alfajiri, kabla wengine hawajaamka, alivifua mwenyewe na kuvianika nyuma ya tangi la maji. Aliamini kwamba daktari amemkata mahali pasipokatwa, na kwamba kurudi kliniki ni kwenda kuambiwa kwa mdomo kile ambacho mwili umekwisha mwambia. Tarehe ya kliniki ilipofika, alivaa vizuri, akaaga, akaenda kukaa kwenye benchi la bustani ya manispaa mpaka mchana. Mwanawe alipomuuliza jioni, alijibu, "Wamesema niko sawa."

Alijaribu kurudi kazini. Siku ya kwanza alipangiwa mwanafunzi mpya, mwalimu wa hesabu mwenye mguu mzito kama jiwe la kusagia. Mwalimu huyo aliona kuku barabarani, akakanyaga breki kwa nguvu zote, mkanda wa kiti ukamkaba Klachi tumboni, na mara akahisi joto likishuka mapajani. Taulo halikufua dafu. Aliutazama mkono wake ukichukua chupa ya chai na kummwagia mapajani. "Ona ulichonifanya," alisema. Mwanafunzi aliomba radhi njia nzima. Klachi alirudisha gari, akamwambia mkuu wa chuo cha udereva kwamba bado kidonda kinamwuma, na hakurudi tena kwa muda mrefu.

Ni katika siku hizo dada alipoanza kumwita.

"Njoo ukae nami kidogo," alisema kwenye simu. Pumzi zake zilikuwa fupi. "Nimechoka kukaa na watoto wanaoniangalia kama yai. Nataka mtu wa kubishana naye."

"Nitakuja, dada. Nipe wiki moja."

Aliifikiria safari ile mara nyingi. Basi linaondoka asubuhi na kufika jioni, na linasimama dereva anapotaka, si abiria anapotaka. Alijiona amekaa katikati ya watu wawili, taulo limejaa, harufu inapanda, na mtoto fulani anamwuliza mama yake kwa sauti. Kisha alikiona kitanda cha wageni nyumbani kwa dada, na shuka asubuhi. Wiki ilipita. Dada alipiga tena.

"Kazi zimebana," alisema Klachi, mtu ambaye hakuwa amegusa usukani mwezi mzima.

"Kazi," alisema dada. "Basi sawa. Zikikuachia, mimi nipo."

Mara ya tatu alipopiga, Klachi aliiangalia simu ikiita mpaka ikakata. Hakuwa na uongo mwingine tayari.

Msusi alikuwa ameviona vipande vya taulo nyuma ya tangi zamani. Mwanzoni alidhani ni vya kufutia vyombo vya saluni, hadi alipogundua idadi yake inabadilika kila asubuhi na kuunganisha na jinsi baba mkwe alivyoacha kukaa kwenye kochi. Alielewa. Lakini mkwe aanzie wapi? Alimwambia mumewe jikoni, kwa sauti ya chini. "Baba ana shida, na sidhani kama alikwenda kliniki. Ongea naye wewe, ni mambo ya wanaume."

"Nitaongea naye," alisema fundi wa majokofu. Aliisema jioni ile, akaisema tena wiki iliyofuata, na kila mara simu iliita kukawa na jokofu mahali. Ukweli ni kwamba aliogopa. Hakuwahi kuzungumza na baba yake lolote lililo chini ya mkanda wa suruali, na hakujua sentensi hiyo inaanzaje.

Habari ya kifo cha dada ilikuja asubuhi, kupitia mpwa, binti wa marehemu aliyekuwa akiishi naye. Moyo ulisimama akiwa amekaa kitini anasubiri uji upoe. Klachi alisikiliza, akasema "Ahsante kunijulisha," kama mtu aliyepewa habari za hali ya barabara, akaingia chumbani akafunga mlango.

Walikwenda mazikoni kwa gari la kazi la mwanawe. Kila baada ya muda mfupi Klachi aliomba gari lisimame, akashuka na kupotelea vichakani, na mwana akabaki ameshika usukani akitazama mbele. Mara ya nne alisema, "Baba, tangu lini hivi?"

"Endesha," alisema Klachi.

Msibani alikaa pembeni, kwenye kiti cha plastiki kinachofutika, mbali na ndugu waliotandikiwa mikeka. Watu walidhani ni uchungu, na uchungu ulikuwepo. Baada ya maziko mpwa alimfuata pale. Alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji, macho yamemvimba.

"Mjomba, nikuulize jambo. Mama alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Kwa nini?"

"Alisema umemkasirikia kwa kuwa hakuja ulipopasuliwa. Alisema, 'Analipiza, na ana haki.' Nikamwambia mjomba si mtu wa hivyo. Lakini simu ulikuwa hupokei, nami nikakosa la kumwambia."

Klachi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa dogo, lingetosha kwenye pumzi moja, na bado halikutoka. Alisema tu, "Si kweli. Hata kidogo si kweli." Mpwa alimtazama akisubiri zaidi, hakupata, akaitwa na wenzake akaondoka.

Njia ya kurudi Klachi alilia bila kujificha, na mwanawe aliendesha pole pole kama alivyofundishwa. Alichokuwa akikifikiria mzee ni hiki: katika dunia nzima, yule ndiye mtu pekee ambaye asingemwonea haya. Mgongo wa dada yake ulilowa kwa mkojo wake kila siku ya utoto wake, na hakuwahi kumwambia hata mara moja kwamba ananuka. Angecheka tu. Angemtandikia nailoni kitandani na kumwambia alale.

Mkwewe hakungoja tena mtu aongee kwa niaba yake. Siku ya pili baada ya safari alimwekea chai mezani, akabaki amesimama, akitazama sukari badala ya kumtazama yeye.

"Baba, utaniwia radhi. Nimepiga simu kliniki. Nimemwomba yule muuguzi mwenye miwani, amesema uende kesho asubuhi. Nimefunga saluni. Tutakwenda wote, nami nitakaa nje."

Klachi alikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia baba hajarudi tangu atoke. Basi. Mengine utasema wewe."

Kesho yake alikuta benchi la kliniki limejaa wanaume wa umri wake. Mmoja, dereva mstaafu wa lori, alijisogeza kumpisha akasema bila kuulizwa, "Wewe wa kuziba au wa kuvuja?" Klachi alisita. "Wa kuvuja," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. "Mimi nilikuwa wa kuvuja," alisema yule wa lori. "Sasa nimekuja kuangaliwa tu. Utazoea mazoezi yao. Unaweza kuyafanya hata hapa, mtu hajui."

Ndani, daktari alimpima mkojo akakuta maambukizi, ambayo yalikuwa yakizidisha mambo, akampa dawa. Muuguzi mwenye miwani alimfundisha kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kushikilia, kuachia, kupumzika, kisha tena. Alimwonyesha pedi za watu wazima, akamwambia apunguze chai, akamwambia pia kwamba hakuna aliyemkata mahali pasipokatwa.

"Ungekuja ile tarehe ya kwanza," alisema, "sasa hivi tungekuwa tumeshasahau."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akivua glavu tu. Lakini Klachi aliuliza, "Kwa hiyo ningeweza kusafiri? Kwa basi, kutwa nzima?"

"Kwa pedi na kiti cha karibu na mlango? Hata wiki ya kwanza ya dawa. Kwa nini, una safari?"

"Nilikuwa nayo," alisema.

Alifanya mazoezi kama alivyoambiwa, asubuhi na jioni, na mengine akayafanya kwenye taa nyekundu. Dawa ilifanya kazi yake upesi. Mwili ulichukua muda zaidi, lakini ulitii. Vipande vya taulo vilitoweka nyuma ya tangi. Alihudhuria kliniki kila alipoitwa, na alirudi garini, ambako mwalimu wa hesabu alimpokea kwa chupa mpya ya chai kama fidia. Klachi aliipokea, akashindwa kumwambia ukweli. Watu waliokuwa wakimjua walisema amerudi kama zamani. Yeye alijua kwamba kila kilichomtesa kilitibika kirahisi, na wepesi huo ndio uliomkosesha usingizi.

Alipoona anaweza kukaa siku nzima bila kuvuja, alipanda basi kwenda kwa mpwa wake. Hakuagiza mtu ampokee. Alimkuta kwenye cherehani barazani, akakataa maji, akamweleza yote kwa mpangilio: upasuaji, taulo, bustani, simu iliyoita mpaka ikakata. Mpwa alisikiliza mguu ukiwa juu ya pedali bila kuikanyaga.

"Kwa hilo tu, mjomba?"

"Kwa hilo tu."

"Ungeniambia hata mimi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ungesema unaumwa, basi, usiseme wapi. Mama angekufa anajua unampenda."

Mwanamke alimaliza kushona pindo alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno, akainuka.

Alimwongoza ndani hadi chumba cha wageni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mto umepigwa ukainuka, na miguuni palikuwa na blanketi la sufu lililokunjwa mara mbili.

"Alikitandika mwenyewe alipoanza kukuita. Baadaye alishindwa kuinama, akawa ananituma nibadilishe shuka. Nimeendelea kubadilisha, sijui kwa nini."

Klachi aliketi ukingoni, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu. Mpwa alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda kumchemshia maji ya kuoga.