Suruali za Fundi Jicho

Wateja walimwita Jicho kwa sababu hakuwa na haja ya tepu. Ukiingia kwenye kibanda chake cha ushonaji, kabla hujamaliza salamu alikuwa ameshajua kiuno chako, mabega yako, na kama umenenepa tangu ulipokuja mara ya mwisho. Tepu aliivaa shingoni kwa heshima tu. "Bibi harusi, hebu pumzika kula," alimwambia binti mmoja mbele ya shangazi zake, "gauni hili nimeshalipanua mpaka kitambaa kinaniomba msamaha." Shangazi wakacheka, na binti mwenyewe akacheka.

Sasa alikuwa kitandani, na mapafu yalikuwa yamechakaa. Ugonjwa ulikaa naye miaka mingi, ukimwachia pumzi za kushonea, baadaye za kutembea, baadaye za kukaa tu. Mara ya mwisho alipolazwa, madaktari walimvuta mkewe pembeni wakamwambia hapakuwa na la kuponya tena, ila palikuwa na la kumpunguzia mateso. Wakamkabidhi kwa muuguzi wa tiba shufaa, mama wa makamo anayewafuata wagonjwa majumbani na mkoba wake mzito, akiwatuliza maumivu na kuwasaidia kupumua.

Mkewe hakumwambia Jicho neno. Badala yake alianza kumpunguzia nguo.

Aliifanya kazi hiyo mchana, mumewe akisinzia, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni na sindano ya mkono ili cherehani isimwamshe. Shati likipwaya, analibana ubavuni. Suruali ikiteleza, anaikunja kiunoni. Asubuhi akimvisha husema, "Unaona? Inakukaa kama zamani." Na Jicho, mtu wa kuona nusu inchi kutoka ng'ambo ya barabara, huitikia, "Kama zamani, mama."

Kazi yenyewe ilikuwa mbovu kupindukia. Mshono ulipanda na kushuka kama nyayo za mlevi. Angekuwa mwanagenzi wake, Jicho angemrushia suruali hiyo usoni. Kwa mkewe aliuma meno. Aliona jinsi uso wa mkewe unavyotulia kila nguo inapomkaa yeye mwilini, akaona heri amwachie utulivu huo.

Lakini Jumamosi ilikuwa inakaribia. Kaka mkubwa wa Jicho alikuwa amemtafutia kitanda katika hospitali kubwa ya mji mwingine, na gari lingekuja kumchukua siku hiyo. Jicho hakutaka kwenda. Alishalala kwenye wodi za namna hiyo: mirija puani, taa zisizozimwa, mkewe akifukuzwa saa ya wageni ikiisha. Alitaka kufia chumbani mwake, akisikia mtu wake anagonganisha sufuria. Ila angekataaje matibabu bila kusema kwamba anajua hatapona? Akisema hivyo tu, sindano yote ile ya mkewe imekwenda na maji.

Alhamisi muuguzi alifika.

"Baba, dawa ya pumzi unakunywa, au unanidanganya?"

"Nesi, mimi ni fundi," alisema Jicho, akivuta hewa katikati ya maneno. "Nimedanganya wateja... maisha yangu yote. Lakini dawa... nakunywa."

Muuguzi alicheka, akamgeuza ubavu taratibu, kisha akaacha kucheka. Kwenye mfupa wa nyonga ngozi ilikuwa imechubuka, nyama imebaki wazi.

"Hiki nini?"

"Godoro," Jicho aliwahi kujibu.

"Godoro gani linachagua pa kuchubua?" Alipitisha kidole ndani ya kiuno cha suruali, akakipindua. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kitambaa, kigumu kama kamba, uzi mweusi juu ya nguo ya kijivu. "Nani kashona hivi?"

Mkewe alikuwa mlangoni na beseni la maji. "Mimi," alisema. "Kumbe mimi ndiye ninayemuumiza."

Hapo Jicho akashindwa kunyamaza.

"Ungefumua mkanda wa kiuno kwanza," alisema. "Ukate... kilichozidi. Ubane nyuma. Ubavuni... hapana."

"Ulijua?"

"Mama. Mimi... naitwa nani mtaani?"

Mkewe alicheka, kicheko kikageuka hasira. "Umeniacha nijidunge vidole, wewe umejinyamazia tu!"

"Zilikuwa zinanikaa."

"Zinakukaa wapi, zimekutoa ngozi!"

Jicho alisubiri pumzi irudi. "Jumamosi siendi. Nataka hapa."

Mkewe aliweka beseni chini. "Hapa ni mimi peke yangu," alisema polepole. "Pumzi ikikukaba, mimi nifanye nini? Nikuangalie tu?"

Muuguzi alivuta kigoda akakaa. Aliwaeleza wote wawili: usingizi utakuwa mrefu, chakula atakikataa, pumzi itabadilika mlio, dawa ipi itiwe mdomoni, na namba ya kupiga hata iwe saa ngapi. Hakuyatia maneno sukari.

"Ataumia?"

"Tutapambana asiumie. Mengine siwezi kukuahidi, mama."

Mkewe alichukua simu akampigia shemeji yake. Sauti ya kaka mtu ilijaa chumba kizima: "Kwa hiyo mnataka afe?"

"Hatutaki, shemeji. Anakufa." Neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. "Gari lije, lakini lije na wewe. Njoo ukae na mdogo wako angali anakujua."

Alikata simu, akasimama pale pale katikati ya chumba akilia kwa sauti. Jicho hakumwambia nyamaza. Alianza kujisogeza kuelekea ukutani, kidogo, anapumzika, kidogo tena, mpaka kitandani pakapatikana nafasi ya mtu wa pili.