Nyuki wa Kiplombe

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba watu wa Kiplombe wamefundisha nyuki kunusa samaki. Mtu wa upande wa ziwa akipita, nyuki wanamjua kwa jasho na kummaliza kabla hajafika barabarani. Habari hiyo ilitufikia mtaani kwetu Huruma Jumatatu asubuhi, mafundi wakinyoosha bati, kina mama wakikatakata sukuma. Kufika saa sita hakuna aliyebisha. Mimi, mtu wa ziwa, niliacha omena, dagaa wetu, siku hiyohiyo, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka nikabaki mifupa.

Usicheke. Nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa baada ya uchaguzi, na wakubwa wenye maikrofoni walishatuambia jirani ni adui. Aliyemeza hilo angeshindwaje kumeza nyuki?

Vijana wetu waliongozwa na fundi wa kuchomelea tuliyemwita Jemedari. Alinichagua niende kupeleleza kwa sababu nilijua maneno kumi ya lugha ya Kiplombe. Mimi nilikuwa nimemwambia elfu.

"Enda uhesabu mizinga," alisema. "Kama ni mingi, tunawawahi."

Nilifika Kiplombe nikijifanya natafuta kibarua cha kupukuchua mahindi. Boma la kwanza lilikuwa la mjane, Mama Chebet. Mizinga ilikuwa kwenye miti nyuma ya zizi. Sikuthubutu kusogea. Niliihesabu kutoka mbali: sita.

Mama alinimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa ya kugandishwa, meusimeusi kwa mkaa. Nilishukuru kwa maneno yangu yote kumi. Kisha nikaomba sukari.

Alinitazama. Hakuna mtoto wa kule anayetia sukari kwenye mursik.

"Wewe ni wa Huruma."

Niliutazama mlango.

Nje, sauti za vijana.

"Ingia chini ya kitanda. Na uikunje hiyo miguu, we mlingoti!" Mama akaninong'oneza.

Waliuliza kama ameona mgeni. Aliwaambia ameona vijana wenye mishale wasiojua kusalimia wazee. Wakaondoka wakinung'unika.

Akanitoa kwa njia ya shamba la mahindi makavu. "Salimia mama yako," akasema, basi.

Huruma, Jemedari alikuwa akingoja.

"Mizinga mingapi?"

Vijana walinizunguka kama bwana harusi. Tangu nizaliwe sijawahi kusimulia kitu kwa hesabu ndogo.

"Mia mbili," nikasema. "Na ingine inachongwa."

Walienda alasiri ileile.

Mimi nilibaki. Niliona moshi.

Mama Chebet alikuwa ndani.

Hasira yangu haijapoa mpaka leo. Wale wa maikrofoni walipeana mikono kwenye televisheni, wakanywa chai, na hakuna aliyeulizwa habari ya nyuki. Jemedari anatengeneza milango, anasalimiwa kanisani. Nawalaani wote, kila asubuhi. Lakini ile mia mbili haikutoka kinywani mwao.

Mwaka jana, baada ya kupata cheti cha shule ya jioni, nilijipa moyo nikaenda Kiplombe. Nilimkuta Chebet, bintiye, akipalilia. Nilimwambia yote: kitanda, sukari, mia mbili. Nikamwambia tuliogopa nyuki.

Aliegemea jembe lake.

"Mizinga ilikuwa sita," akasema. "Na ilikuwa tupu. Nyuki walihama mwaka uliotangulia. Mama alikuwa anangoja warudi."