Vidole Gumba vya Hai Cinema

Aidah alikuwa amechoka na maswali. Si yake, yake hakuwa na nafasi ya kuyauliza. Ni ya watu. Mwaka wa nne huu tangu amani isainiwe, na tangu atoke Masaka, Uganda, kuja kusimamia mgahawa wa intaneti wa bosi wake pale mtaa wa Hai Cinema, Juba, Sudani Kusini, maisha yake yalipita kati ya kompyuta na jenereta, akiulizwa mambo ambayo mashine nayo haikuyajua.

Kulikuwa na tovuti moja ambapo yeyote duniani anauliza na yeyote duniani anajibu. Wasomaji wakilipenda jibu hubonyeza kidole gumba, na jibu lenye vidole vingi hupanda juu. Aidah aliwafungulia wateja wake majina humo, nao wakaipenda kuliko barua pepe. Asiyejua Kiingereza aliandikiwa na kusomewa.

Sasa, Juba huingii mahali ukakaa kabla ya kuwasalimu waliomo, mkono kwa mkono. Wateja wakaihamishia adabu hiyo kwenye tovuti. Jirani yako akijibu swali, unampa kidole. Kulisoma jibu lenyewe? Hiyo ilikuwa kazi ya ziada. Aliyepewa vidole vingi kuliko wote ni Pitia, mwashi aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, mtu mcheshi asiyesahau kuulizia watoto wako. Pitia angejibu hata habari za mwezini, na vidole angepewa.

Helen aliuza chai karibu na bandari ya mto. Siku moja alikuja na swali, bintiye Keji akiwa mgongoni.

"Dada Aidah, uliza hawa watu ya dunia. Maji ya mto, nikiacha kwa mtungi mpaka inakuwa safi kabisa, lazima nichemshe? Makaa iko bei kali. Ile kidogo mimi iko nayo ni ya chai ya wateja."

Aidah akaandika. Helen aliporudi, jibu lilikuwa juu, limejaa vidole: maji yakitulia usiku kucha yakawa meupe hayana neno, sisi tulikunywa hivyo miaka yote kambini. Aidah alimsomea. Chini yake aliona jina la Pitia, lakini jenereta lilikuwa likikohoa na watu walikuwa wakimwita kila upande.

"Hawa wote wamekubali?" Helen akauliza.

"Wote, Mama Keji."

Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema. Wahenga hawakuuza intaneti. Helen akaenda zake ametulia, na tangu hapo wateja wake bandarini wakanywa maji yaliyochemka, na mwanawe akanywa yaliyotulia.

Kipindupindu kilipoingia, Keji alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulazwa kwenye mahema ya wagonjwa. Alipona. Helen alipomleta tena Hai Cinema, shingo ya mtoto ilikuwa nyembamba hata Aidah akashindwa kuitazama. Angalau Helen angegomba. Hakugomba.

"Malesh, samahani dada, mimi nataka kujua tu. Wale watu mingi walikuwa wa wapi?"

Aidah angeweza kusema Amerika. Angeaminiwa. Lakini hata uongo unataka nguvu, na yeye hakuwa nazo.

"Wa hapa," akasema. "Wanaokaa kwenye viti hivi."

"Na wewe?"

"Mimi wa kwanza kubonyeza, kabla hata ya kulisoma."

Helen alikaa kwenye benchi la mlangoni, akampakata mtoto.

Aidah akafungua ukurasa ule, aibu ikimchoma. Akajaribu kukirudisha kidole chake, tovuti ikakataa. Chini ya jibu, mama mmoja wa nchi ya mbali alikuwa ameandika kwamba anashukuru, sasa ataokoa kuni. Aidah akaandika jibu jipya: chemsha, hata yakiwa meupe, maana meupe nayo yanaua. Jibu likakaa mwisho kabisa, halina hata kidole kimoja.

"Jamani," akawaambia wateja, "naomba mlipandishe hili, lile la juu lishuke."

Watu wakamtazama Pitia, aliyekuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kisha wakainamia vibodi vyao. Kumwondoa mtu juu hadharani, naye yupo, tena Pitia! Nani angeanza?

"Lakini dada," Pitia akasema kwa upole, "sisi tulikunywa ile maji, na bado tuko hai."

"Wanaojibu ni walio hai, Baba Lodu."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Pitia alizika watoto wawili kule kambini, wakubwa wa mwanawe Lodu. Wote pale walijua. Hakuna aliyewahi kumuuliza walikufa kwa nini, na kwa jinsi uso wake ulivyobadilika, Aidah aliona kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujiuliza.

Jenereta lilinguruma nje. Pitia akavuta kiti karibu na kompyuta, akalisoma jibu la Aidah neno kwa neno, midomo ikicheza. Alipolimaliza akalirudia tangu mwanzo. Kisha akabonyeza kidole.

Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, bila kulisoma.