Sauti ya Kichuguuni

Nilipokuwa bado mtoto wa kubebeshwa ndoo ndogo, nyuma ya nyumba zetu za mtaa wa Hewa Bora kulikuwa na kichuguu kirefu kupita paa la kanisa letu. Wakati wa kiangazi, moshi wa nyasi zilizochomwa mbali ulitanda angani, na mchana kichuguu kile kilionekana kama kinaelea juu ya vumbi jekundu. Bibi yangu, ambaye sisi wa asili ya Kasai tulimwita Kaku, alituonya mara nyingi.

"Kama unapita pale mchana na unasikia jina yako, usiitike. Bantu ba zamani njo banaita. Ukiitika, banakubeba."

Alimaanisha wafu, nami nilimwamini. Hata leo, mtu mzima mwenye watoto, siwezi kumcheka.

Siku moja baba akiwa kazini katika mji wa Kipushi, mama alishikwa na uchungu kabla mimba yake haijatimiza miezi tisa. Kaku alimlaza kwenye mkeka, kisha akanigeukia.

"Ngalula, kimbia umuite Mama Feza." Huyo ndiye aliyekuwa mkunga wetu. "Pita kwa kichuguu. Njia ya barabara iko mulefu."

"Lakini Kaku, ulisema..."

"Nilisema." Akaniwekea mkono kichwani. "Mi pia naogopa. Lakini Mungu anajua jina yako mbele ya bale bote. Omba, enda."

Mwendo ule naukumbuka kama ndoto. Hapakuwa na kuku wala mtu. Miguu yangu ilitembea kama ya mtoto mwingine, nami nilisali Baba Yetu nikichanganya maneno, nikirudi kila mara mwanzo. Nilipoingia kwenye kivuli cha kichuguu, nikasikia:

"Ngalula!"

Sauti ilionekana kutoka ndani ya udongo. Nilitaka kukimbia, mdomo nimeufunga, kama nilivyofundishwa. Kisha nikawaza: je, Mungu naye akiniita, ataniita kwa jina gani kama si hili? Na kama ni wafu, yeye si yuko hapa pia? "Yesu, unishike mukono," nikanong'ona. Nikaitika kwa sauti nyembamba: "Mimi hapa!"

Mama Feza akatokea upande wa pili, jembe mkononi, udongo hadi viwikoni. Alikuwa akichimba udongo wa matofali.

"Unaenda wapi na jua hii? Mbona unalia?"

"Mama anazaa."

Alitupa jembe, tukakimbia. Kama ningepita kimya, ningebisha hodi kwenye nyumba tupu.

Mdogo wangu alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo. Mama Feza alikifungua haraka, akampuliza usoni, akamsugua mgongo. Kimya. Halafu mtoto akalia, na sisi sote tukalia naye.

Jioni Kaku aliniuliza, "Uliogopa?"

"Sana, Kaku."

"Na uliitika?"

"Niliitika."

Alinivuta kifuani pake.

Kwa miaka mingi nilidhani imani ni kutoogopa, nikajiona mpungufu kila moyo uliponidunda: kwenye korido za hospitali, au milio ya risasi iliposikika mjini. Sasa sidhani hivyo. Siku ile hofu haikuniondoka hata kidogo. Mungu alikuja akakaa nayo ndani ya kifua kimoja, akaniachia pumzi ya kutosha maneno mawili.