Saa Thelathini za Wazamiaji

Gulsina alitia mishale kwenye saa kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda cha saa cha mji wa Chistopol, Urusi, kando ya mto Kama. Hakuwahi kutamani kumiliki hata moja. Saa kwake ilikuwa kazi, kama unga kwa mwoka mikate.

Kisha kikosi cha wazamiaji wa mji, wale wanaookoa watu mtoni, kikatimiza miaka ishirini, na kiwanda kikatoa saa za ukumbusho. Zilikuwa thelathini tu, zenye uso wa kijani, kila moja na namba yake iliyochongwa mgongoni. Ramzil, mwanawe wa pekee, alipata namba kumi na saba.

"Mama, mishale hii umeitia wewe?"

"Nani mwingine? Ikichelewa, njoo unilaumu mimi."

Machi iliyofuata barafu ya mto ilikatika, wavuvi wawili waliokuwa juu yake wakazama. Ramzil akaingia majini kuwatafuta, asitoke mzima. Saa yake ililetwa ndani ya bahasha, bado inatembea.

Siku ya arobaini alikuja Rifkat, mzamiaji mkongwe kikosini. Akavua saa yake ya kijani, akaiweka mezani. "Mama Ramzil, zikae pamoja." Halafu, chai ikiwa mkononi, akasimulia jinsi Ramzil alivyomtoa mbwa kwenye barafu huku akimbembeleza, "Pole, bwana mkubwa, tunafika, bwana mkubwa." Gulsina akacheka, mara ya kwanza tangu maziko.

Basi akaanza kuzitafuta zilizobaki. Wengine walimpa bure. Wengine aliwabadilishia kwa saa nyingine za ukumbusho, alizokwenda kuzisaka kwenye soko la wakusanyaji kule Kazan. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila kusimulia. Mmoja alikumbuka kwamba Ramzil alikuwa akiimba vibaya kwa makusudi. Mwingine, kwamba aliogopa sindano.

"Dada, umegeuka duka la saa," mdogo wake Nailya alimtania.

"Acha nigeuke. Hata hivyo siuzi."

Ikapita miaka sita, akawa nazo ishirini na tisa. Iliyobaki ilikuwa ya Ilsur, rafiki wa Ramzil na mzamiaji mwenzake, aliyekuwa akila mezani kwake tangu shuleni, na ambaye baada ya maziko alihamia mji wa Nizhnekamsk, asirudi hata kusalimia. Gulsina akapika chakchak, vipande vya unga vya kukaanga vilivyoshikwa kwa asali, akapanda basi.

Ilsur alifungua mlango, akanywea.

"Umenikimbia, mwanangu."

"Nimekukimbia, Mama. Kweli."

Waliketi jikoni, wawili tu. Gulsina alipotaja alichofuata, Ilsur aliifunika saa kwa kiganja.

"Hii siwezi. Niombe kingine chochote."

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu naye kuliko wote, na ni wewe ambaye hujanisimulia hata neno moja."

Ilsur aliitazama chai mpaka ikaganda utando wa maziwa.

"Siku ile zamu ilikuwa yangu," akasema. "Nilitoka kwenye harusi ya binamu yangu, nilikuwa nimelewa. Ramzil aliniangalia mara moja tu, akaniambia, 'Vua hiyo nguo ya kuzamia, wewe leo shika kamba.' Nikashika kamba aliyojifunga. Ikalegea, Mama, na mimi nikachelewa kujua."

Aliendelea kusema, lakini Gulsina hakusikia tena.

"Nipe."

"Mama..."

"Nipe saa."

Ilsur akaifungua mkanda, akampa. Gulsina akatoka bila kuaga.

Nyumbani alizipanga zote thelathini juu ya kitanda, akazitia ufunguo moja baada ya nyingine. Alipomaliza ya mwisho ndipo alipoelewa. Hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Miaka sita kila mzamiaji alikuwa amempa kipande cha Ramzil asichokijua, na sasa vipande vimekwisha, na cha mwisho ni kile. Akalia kilio ambacho siku ya maziko hakikutoka.

Hasira ilichukua msimu mzima wa baridi kupungua. Barafu ya mto ilipoanza kuyeyuka, alimpigia Ilsur simu. Akapokea mwanamke.

"Ilsur yuko kaskazini, kwenye visima vya gesi. Namba hii kaniachia mimi, mkewe. Nimwambie nini, mama?"

Gulsina alisita. "Nilitaka kumuuliza Ramzil alikula nini asubuhi ile. Mimi nilikuwa kiwandani, sikumwandalia kitu."



"Samahani, mama," yule mwanamke akasema kwa upole. "Ilsur hajawahi kunitajia jina hilo. Ramzil ndiye nani?"